Uliza Da Fundi: Gemu ya Mtandaoni Huishi Mpaka Lini?

Mwezi huu barua za gemu zimezidi zile za simu zilizotumbukia majini, jambo ambalo ukurasa huu haujawahi kuliona. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana mmeiuliza wengi kwa sura tofauti, nyingine nimezipa kinachozitosha.

Shikamoo Da Fundi. Mimi ni kijana wa Morogoro, nauza kava na chaja za simu stendi ya Msamvu. Free Fire nimeianza nikiwa sekondari. Akaunti yangu ina skini (mavazi) na emoti (miondoko) za misimu ambayo haitarudi, na hela niliyoweka humo mama yangu asijue. Sasa wenzangu wa skwadi wameacha wote. Mmoja kaoa, wawili wamehamia eFootball. Kuna jamaa anataka akaunti yangu kwa laki moja na themanini. Nikibaki nayo, hii gemu ina miaka mingapi mbele yake? Naogopa nisije nikaamka siku nikute seva (kompyuta za kampuni zinazoiendesha) zimezimwa.
*Msomaji, Morogoro*

Marahaba mdogo wangu. Mama hatajua, akinunua jarida hili huwa anaanzia kwenye mapishi.

Free Fire, gemu ya kupigana risasi kwenye simu, ilitoka mwaka 2017. Wenyewe ni Garena wa Singapore, walio chini ya kampuni kubwa ya Sea. Mwaka 2021 walitangaza kwamba kilele chao kimepita wachezaji milioni 150 kwa siku moja. Februari 2022 serikali ya India ikaipiga marufuku pamoja na programu nyingine kadhaa, na India ilikuwa miongoni mwa ngome zake kubwa. Gemu ikayumba, haikuanguka. Kwa hiyo hiyo uliyonayo mkononi imeshapita mahali ambapo nyingi hufia. Mimi nikilazimishwa kuweka dau, naiwekea miaka kadhaa mbele bila kusita.

Ila sikuahidi kumi, na nitakwambia kwa nini.

Umri wa gemu hizi haufanani hata kidogo. Sony waliitoa gemu yao ya Concord tarehe 23 Agosti 2024, dola 40, baada ya miaka ya kuitengeneza. Kwenye Steam, duka la gemu za kompyuta, hawakuwahi kuonekana watu 700 ndani yake kwa wakati mmoja. Tarehe 6 Septemba ikazimwa. Wiki mbili tu, hela za watu zikarudishwa, na ilipofika Oktoba studio yenyewe ikafungwa. Halafu kuna Ultima Online, iliyofunguliwa Septemba 1997. Wakati huo Mkapa bado yuko Ikulu kipindi cha kwanza, na mwenye simu ya mkononi mtaani kwenu alikuwa anajulikana kwa jina. Leo hii ukitaka kuingia Ultima Online, unaingia. Tibia ya Wajerumani ni ya mwaka huohuo. EverQuest ni ya 1999, RuneScape ya Waingereza 2001, EVE Online ya kule Iceland 2003, World of Warcraft 2004.

Watu wakiona orodha kama hii husema basi gemu nzuri haifi. Si kweli. Zimekufa gemu nzuri sana, na nyingine za kawaida tu zinadunda mpaka leo. Tofauti ninayoiona mimi ni hii: wazee hawa wanajua kuishi na watu wachache wanaolipa. World of Warcraft ilifikisha wateja milioni 12 mwaka 2010, na haijatangaza tena namba kama hiyo, lakini wale waliobaki wanatoa ada mwezi hadi mwezi, na hesabu inakubali. Ultima Online ndiyo inanifurahisha zaidi. Mle ndani mchezaji anajenga nyumba, anaweka makabati, anapanga silaha zake na mazulia. Akiacha kulipa, nyumba inaanza kuchakaa hatua kwa hatua, ikifikia hatua ya mwisho wenzake wanakuja kuizunguka, wanasubiri iporomoke wagombanie vilivyomo. Sasa niambie, mtu mwenye nyumba ya miaka ishirini mle ndani ataacha kulipa kirahisi? Hataki majirani wagawane makabati yake. Aliyebuni utaratibu ule alimjua binadamu.

Gemu yako haiko hivyo. Free Fire inakula kwa wengi wanaoingia bure na wachache wanaonunua daimondi, sarafu ya ndani ya gemu, kwa hiyo inahitaji umati. Tena inauhitaji kwa sababu nyingine, ya kiufundi kabisa. Mechi ya kawaida ya Free Fire inabeba watu kama 50, ya PUBG Mobile inabeba 100. Hiyo ni daladala: haiondoki mpaka ijae. Na si kujaa hivihivi, maana abiria wenyewe wamegawanywa. Kwanza kwa eneo, ili mtu wa Morogoro asipangwe na wa Brazil gemu ikaganda kila anapolenga. Kisha kwa daraja, ili anayeanza leo asikutane na wewe mwenye miaka yako. Kisha kwa aina ya mchezo, na kwa ramani. Watu elfu kumi ukiwapitisha kwenye vichungi vyote hivyo saa nane za usiku, unaweza kukuta kituo hakina watu. Hapo kampuni inapakia madereva wenzake wakae kwenye siti, yaani boti, wale wachezaji bandia wanaokimbia wima uwanjani na kupiga risasi ukutani. Gemu ya watu wawili haina shida hiyo. Ipo seva ya chesi ya bure iliyoanzishwa 1995, inaitwa FICS, inaendeshwa na watu wa kujitolea. Chesi ikipata watu wawili, mechi ipo.

Kwa hiyo ukitaka kujua afya ya gemu, acha kuhesabu umri wake. Tazama muda unaokaa lobi kabla mechi haijaanza, na tazama unaowaua ni watu au ni boti. Tazama kama maeneo mawili ya seva yameunganishwa kuwa moja. Tazama kama msimu mpya una kitu kipya au ni nguo za mwaka juzi zilizobadilishwa rangi. Punguzo la daimondi lisikutishe, biashara zote zina punguzo. Kinachotisha ni duka kukataa hela yako. Siku gemu inapoacha kupokea malipo, jua kaburi limeshachimbwa, iliyobaki ni tarehe. Anthem ya kampuni ya EA ilifanya hivyo: Julai 2025 wakatangaza mwisho na kusimamisha kuuza sarafu za ndani, Januari 12, 2026 seva zikazimwa.

Na kuna vifo visivyohusu wachezaji kabisa. Star Wars Galaxies ilifungwa Desemba 15, 2011, bado ina watu wake, kwa sababu mkataba wa kutumia jina la Star Wars ulikuwa unaisha na gemu nyingine ya jina hilo ilikuwa mlangoni. Wachina walizimiwa World of Warcraft Januari 2023 kwa sababu Blizzard, wenye gemu hiyo, na mshirika wao NetEase walishindwana kwenye mkataba, ikarudi 2024 walipopatana. Duniani kote watu wanacheza, wewe peke yako na nchi yako mnatazama skrini nyeusi. Ile ya India nimeshaitaja. Mchezaji hodari wa Mumbai hakuulizwa, na wewe wa Msamvu usingeulizwa.

Sasa jamaa wa laki na themanini. Kanuni za Garena zinakataza kuuza akaunti, wakigundua wanaweza kuifungia. Yeye naye ni mjinga au mjanja, mojawapo. Mjinga, kwa sababu akaunti imefungwa kwenye Facebook au Gmail yako, na ukitaka kumgeuka kesho unaweza. Mjanja, kwa sababu atakuomba umpe na hiyo Gmail, na Gmail yako ina picha za familia, namba za wateja, na pengine ujumbe wa mambo yako ya pesa. Usiuze.

Hela uliyoweka humo usiihesabu kama akiba. Ilikwisha siku ileile uliyoinunulia ile skini, ukaivaa, skwadi wakakupigia makelele. Uliila mwenyewe. Kama bado inakupa raha, endelea kutenga ya kula, lakini usinunue kitu kwa kudhani kitapanda bei.

Kitu kimoja tu ningekuwa wewe ningekifanya wiki hii. Wale wa skwadi walioacha, yule aliyeoa na wale wa eFootball, namba zao unazo? Wengi wenu mnajuana kwa majina ya ndani ya gemu tu. Seva ikizimwa na orodha ya marafiki inazimika, na huna pa kumtafuta mtu anayeitwa Simba_Mkali_255. Fungua grupu la WhatsApp mapema. Na rekodi video za mechi zako nzuri ukaziweke nje ya simu hiyo.

Habari yako dada. Niko Umoja, Nairobi. Juzi nimenunua diski ya mtumba ya PS4, The Crew, shilingi 700. Inaingia vizuri, inasoma, halafu inaniambia haiwezi kuungana na seva. Intaneti yangu iko sawa, YouTube inafunguka bila shida. Muuzaji anasema ni router yangu ndiyo mbovu, nimwite fundi. Nimlipe?
*Msomaji, Nairobi*

Usimlipe fundi, hata akiwa mimi. Router yako nzima. Ulichonunua ni sahani ya plastiki.

The Crew ni gemu ya magari ya Ubisoft, ilitoka Desemba 2014. Ramani yake ni Marekani nzima iliyobanwa, unaweza kutoka New York mpaka Los Angeles bila kusimama, na mtu mwenye subira angeweza kuicheza peke yake mwaka mzima. Ila waliiunda kwa namna ambayo hata ukiwa peke yako lazima iongee na seva yao muda wote. Desemba 2023 wakaacha kuiuza, Machi 31, 2024 wakazima seva, wakitaja vikwazo vya mitambo ya seva na leseni. Tangu siku hiyo kila diski ya PS4 ya The Crew duniani ni kama yako.

Muuzaji inawezekana hajui, wengi hununua kwa gunia. Mrudie kistaarabu, mwonyeshe tarehe hiyo. Akikataa, mia saba ndiyo ada yako ya shule.

Kesi hiyo ndiyo iliyomuudhi Ross Scott, Mmarekani anayetengeneza video za gemu, akaanzisha kampeni inayoitwa Stop Killing Games mwaka huohuo wa 2024. Ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilivuka saini milioni moja Julai 2025. Wanachodai si kwamba kampuni iendeshe seva milele. Wanasema ukiizima, iache gemu katika hali ambayo mnunuzi anaweza kuicheza kwa njia nyingine. Kampuni zinajibu kwamba gharama itakuwa kubwa mno. Mimi nawaunga mkono wa saini, kwa sababu rahisi: Ubisoft wenyewe, baada ya kelele, Septemba 2024 waliahidi kuyawekea matoleo yaliyofuata, The Crew 2 na Motorfest, njia ya kucheza bila mtandao. Kumbe ikitakiwa inawezekana. Kule California nako, kuanzia Januari 2025 sheria inalitaka duka la mtandaoni lisitumie neno nunua kwa kitu kama hiki bila kukwambia wazi kwamba unapewa leseni tu. Umoja na Eastleigh haifiki, lakini maduka yale ndiyo hayohayo unayoyaona kwenye PlayStation yako.

Siku nyingine ukienda kununua mtumba, geuza kasha usome nyuma. Kama imeandikwa kwamba intaneti inahitajika ili kucheza, toa simu, tafuta jina la gemu na neno seva kabla ya kutoa hela. Diski za mpira za zamani, za FIFA na PES, hizo nunua tu. Mechi za mtandaoni za matoleo ya zamani huzimwa, lakini padi mbili kwenye kochi moja hazihitaji ruhusa ya mtu.

Assalamu alaykum Bi Fundi. Mimi ni mama wa watoto watatu, tuko Muscat, asili yetu Unguja. Mume wangu tangu nimuoe hachoki kunisimulia gemu aliyokuwa akicheza alipokuwa masomoni Marekani, ya mashujaa wanaoruka angani, ambayo wenyewe waliizima akasikitika kama kafiwa. Mwezi uliopita nimeamka usiku nimemkuta anaicheza. Ananiambia eti imefufuka. Gemu iliyozimwa hufufuka kweli, au kuna jambo nafichwa?
*Mama watatu, Muscat*

Wa alaykumu salaam, bibie. Umeandika tangu umuoe, nami nimeiacha hivyohivyo. Hakufichi kitu. Kwa maelezo yako hiyo ni City of Heroes, na kweli imefufuka, tena kwa kisa ambacho ningekuwa na nafasi ningekiandika peke yake.

Ilifunguliwa Aprili 2004. Mtu alikuwa anajitengenezea shujaa wake mwenyewe, kuanzia buti mpaka joho, na watu walikuwa wakipoteza jioni nzima kwenye kuchagua nguo tu, kabla hawajapigana na mtu. Kisha wanaruka juu ya mji uitwao Paragon City. Agosti 31, 2012 wenye mali, NCSoft wa Korea Kusini, wakatangaza kuifunga na kuivunja studio iliyokuwa ikiitunza. Gemu haikuwa imekimbiwa, watu walikuwemo. Mwezi Septemba wachezaji walikusanyika na mashujaa wao chini ya sanamu ya Atlas, ile iliyobeba dunia mabegani, wameshika mienge, wakaomba isizimwe. Novemba 30 ikazimwa. Mumeo kama alikuwepo siku hizo, hilo la kufiwa mwamini.

Sasa sikia. Miaka ikapita, watu wakalia wakanyamaza, wakaenda gemu nyingine. Aprili 2019 ikafichuka kwamba siku zote hizo kulikuwa na seva ya siri. Kundi dogo lilikuwa na programu ya upande wa seva, wakawa wanacheza kimyakimya kwa mwaliko. Wengine walipojua, hasira iliyozuka ilikuwa ya ndugu walioona mirathi imegawanywa bila wao. Shinikizo likawa kubwa, programu ikawekwa hadharani, seva zikachipuka, kubwa kuliko zote ikajiita Homecoming. Kwa miaka karibu mitano iliishi bila ruhusa, inaendeshwa na watu wa kujitolea na michango ya wachezaji. Januari 2024 NCSoft wakawapa leseni rasmi. Kwa hiyo baba watatu anacheza kihalali, na kuingia ni bure.

Si zote zinazopata bahati hiyo, na sababu iko kwenye hiyo programu ya seva. Kompyuta ya mchezaji ina picha, sauti, majengo na nguo. Lakini nani kampiga nani, adui ana damu kiasi gani, mlango huu unafunguka lini, hayo yote yanaamuliwa upande wa kampuni, na hayajawahi kufika nyumbani kwako. Gemu ikizimwa unabaki na jukwaa na mapazia, maigizo hayamo. Kuirudisha, ama mtu wa ndani awe ametoka na nakala, ama mafundi wakae miaka wakibuni upya kwa kukisia, wakitumia rekodi za mazungumzo ya gemu na seva enzi za uhai wake. Na wakifanikiwa, mwenye jina anaweza kuwaandikia barua ya wanasheria. Nostalrius, seva ya watu wa kawaida iliyokuwa ikiendesha World of Warcraft ya zamani, ilifungwa hivyo Aprili 2016. Wachezaji wakamwaga saini zaidi ya laki mbili. Agosti 2019 Blizzard wenyewe wakaitoa World of Warcraft Classic, ambayo walikuwa wamesema watu hawaitaki. RuneScape walikuwa waungwana zaidi: walipata nakala yao ya Agosti 2007, wakawapigisha wachezaji kura mwanzoni mwa 2013, zikaja kura zaidi ya laki nne, wakaifungua kando ya ile mpya. Leo hiyo ya zamani ndiyo yenye umati.

Kuna na wale waliokataa kutoka. Microsoft walipozima huduma ya mtandao ya Xbox ya kwanza Aprili 15, 2010, baadhi ya wachezaji wa Halo 2 hawakuzima mashine zao. Aliyekuwa ndani aliendelea kucheza, akitoka harudi. Wakapungua mmoja mmoja, mashine zikipata joto, mtandao ukikatika, mpaka Mei ndipo wa mwisho akatoka. Kwa umeme wa huku kwetu tusingefika hata Aprili 16.

Kwa mumeo, mkubaliane saa. Mwambie shujaa gani anaruka mpaka alfajiri ilhali kuna watoto wa kupeleka shule.

Habari za kazi, Da Fundi. Mimi ni mwalimu wa kompyuta, sekondari ya kutwa huku Bukoba. Maabara yetu ina kompyuta za zamani kama ishirini, zote zimeunganishwa kwa waya, intaneti ni ya kusuasua. Vijana wa klabu wanataka gemu moja ya kucheza wote kwa pamoja baada ya vipindi, isiyotegemea kampuni ya mbali. Bajeti ni sifuri. Inawezekana?
*Mwalimu, Bukoba*

Inawezekana sana mwalimu, na wewe ndiye utakuwa na gemu yenye maisha marefu kuliko wote walioandika hapa juu.

Miaka ile nilikuwa nakaa kaunta kwenye intaneti kafe moja ya Ngamiani, Tanga. Jioni ilikuwa ya Counter-Strike 1.6, nakala zenyewe tusiulizane zilitoka wapi. Mashine ya kaunta ndiyo iliyokuwa seva, hiyohiyo niliyokatia watu muda na kuchapia barua za maombi ya kazi. Ramani ilikuwa moja tu, de_dust2, hawakutaka nyingine. Intaneti ilikuwa ikikatika, wanaosoma barua pepe wanadai hela zao, na wale vijana wa gemu hawana habari, wanaendelea kupigana maana waya wao uliishia kwangu. Ila siku mtu akija kuchapa barua nikalazimika kuiwasha upya ile mashine, makelele yake yalisikika mpaka barabarani. Gemu ile ni ya mwaka 2003, na mpaka leo ukiwapa kompyuta mbili na waya inafanya kazi kama jana.

Kwa wanafunzi wako sitashauri bunduki. Chukua Luanti. Mpaka Oktoba 2024 iliitwa Minetest, ni ya bure kabisa, msimbo wake uko wazi, na kompyuta za zamani inaziweza. Ni dunia ya matofali ya kuchimba na kujenga, inafanana na Minecraft lakini hailipiwi wala haiombi akaunti. Pakua siku intaneti ikiwa na nguvu, mara moja tu, kwenye kompyuta moja. Luanti yenyewe ni mtambo, ndani yake unaweka gemu, basi ukiwa bado hewani ingia kwenye orodha yake ya vitu vya ziada ushushe VoxeLibre. Kisha folda nzima ihamishe kwa flashi kwenye mashine nyingine.

Teua kompyuta iliyo bora kidogo iwe seva na uipe anwani ya IP isiyobadilika. Fungua Luanti, tengeneza dunia mpya, weka alama kwenye kisanduku cha kuendesha seva, kile cha kuitangaza kwa umma kiache bila alama. Mlango wake, yaani port, ni 30000. Wanafunzi wanaandika anwani hiyo na namba hiyo, wanaingia. Kila mmoja achague jina na nywila, na wewe uwe na daftari la hizo nywila, maana watazisahau kufikia Jumatatu.

Watakuomba wacheze na wakiwa nyumbani kwa simu. Hapo usijisumbue. Mitandao ya simu mara nyingi huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa hiyo seva iliyo kwenye modemu ya laini ya simu haionekani kwa urahisi kutoka nje. Iache ya shuleni.

Kitakachoua gemu yako si kampuni, ni diski ya kompyuta ya seva kufa pamoja na dunia nzima waliyojenga. Kila Ijumaa zima seva kwanza, usinakili ikiwa inaendelea, kisha nakili folda inayoitwa worlds kwenye flashi mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine uende nayo nyumbani. Na hizo flashi zisichomekwe popote pengine, hasa kwa mhasibu. Virusi vya ofisi za shule navijua.